Padre na Asali

Kasulu ukimwambia mtu kwamba unafuga sungura, swali linalofuata ni la mchuzi. Unachinja lini? Unauza bei gani? Ukijibu kwamba hawachinjwi, kwamba wana majina na jioni huingia sebuleni, atakutazama kidogo kisha ataulizia habari za maharage. Simlaumu. Mimi mwenyewe nimelelewa Biturana, Kibondo, katika nyumba ambayo sungura walikaa kwenye banda la mabanzi nyuma ya jiko, na kila sikukuu mmoja wao alipungua.

Ndiyo maana kumbukumbu yangu ya kwanza kuhusu sungura wawili waliokutanishwa ni mbaya. Baba mdogo alirudi na dume, akamsukumiza kwenye kizimba cha jike wetu mkubwa, akatia komeo, akaenda kunywa chai. Alikuwa na uhakika kwamba dume na jike hawahitaji kufundishwa. Chai haijapoa tukasikia mlio. Sungura ni mnyama wa kimya. Ukimsikia analia kwa sauti, ujue anaona kifo. Tulipofika, jike alikuwa amemng'ang'ania dume tumboni, manyoya yamezagaa kizimba kizima. Dume alitoka hai, lakini jeraha lake lilikuwa mahali pabaya, na tangu siku ile hakumpandisha jike yeyote. Nyumbani wakamwita mwoga mpaka siku alipoingia sufuriani. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba woga haukuwa shida. Yule dume alikuwa ameingizwa nyumbani kwa mtu bila hodi.

Sungura wa hadithi zetu, anayemtia fisi aibu na kumzungusha simba, ni mnyama mwingine kabisa. Yule ni wa porini, wa nyika zinazoteremka kuelekea Moyowosi na Malagarasi. Anaishi peke yake, hachimbi shimo, na watoto wake huzaliwa na manyoya yao, macho wazi, karibu tayari kukimbia. Huyu wa kizimbani asili yake ni Hispania na Ureno. Wazee wake waliishi kwa makundi ndani ya mahandaki waliyoyachimba wenyewe, na watoto wake huzaliwa uchi, macho yamefumba, hawawezi lolote. Mnyama wa namna hiyo hawezi kupenda upweke. Lakini mwenye handaki ni jike. Ndiye mchimbaji mkuu, ndiye anayejinyonyoa manyoya ya kifuani ili atandike kiota, na ndiye wa kwanza kumrukia mgeni. Kwa hiyo mnyama yuleyule anayedhoofika akikosa mwenzake anaweza kumtoa roho mwenzake huyo akimkuta mlangoni. Kazi yote ya kuwapatanisha sungura iko hapo, katikati ya mambo hayo mawili.

Padre nilimnunua mwaka 2018 kwenye soko la pamoja karibu na kambi ya Nyarugusu, upande wa Makere. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita, na kuanzia 2015 ikapokea Warundi wengi. Siku ya soko wenyeji tulipeleka ndizi na maharage, tukarudi na vitenge. Mzee mmoja Mkongo alikuwa amekaa chini ya mti na tenga la sungura. Nilimchagua dume mdogo mweusi mwenye ukanda mweupe shingoni. Mzee alimgeuza, akamfunua meno, akanionyesha makucha, kama mtu anayeuza ng'ombe.

"Huyu ni muzuri, mama. Lakini siku utamutafutia bibi, usimupeleke mu nyumba ya bibi. Atamukatakata."

"Basi nimlete bibi kwa huyu?"

"Kama unatafuta watoto, ndiyo. Bibi aje kwa bwana, wamalize, umurudishe kwake. Lakini kama unataka wakae wote siku zote, uwapeleke pahali pasipo pa mutu."

Sikuhitaji maelezo zaidi. Mimi na yeye tulikuwa tumesimama pahali pa namna hiyo hiyo, tukipatana bei bila mmoja wetu kuwa mgeni wa mwenzake. Mwaka uliofuata masoko yale yalianza kufungwa, na yule mzee sikumwona tena.

Jina la Padre lilitokana na ule ukanda mweupe. Mama yangu, Mkatoliki wa Kabanga asiyekosa misa, hakulipenda, na mpaka leo yeye humwita Mzee.

Miezi ya kwanza Padre alikuwa peke yake, nami nilidhani mchunga mzuri na kizimba kikavu vinamtosha. Alipokomaa, akiwa na miezi minne au mitano, akaanza vituko. Alitafuna waya usiku mzima. Nikimfungulia sebuleni alizunguka miguu yangu akiguna kwa sauti ndogo ya puani, na mwisho akaanza kuichumbia ndala yangu ya kushoto. Wageni walicheka. Mimi nilimwonea huruma, maana mnyama anayechumbia ndala amekwisha kukuambia anachokikosa.

Hata hivyo sikutaka kumletea jike kabla ya kumhasi. Mimba ya sungura huchukua siku 31 hivi, na jike anaweza kushika nyingine siku hiyohiyo anayozaa. Mwaka 1859 tajiri mmoja, Thomas Austin, aliachia sungura wachache kwenye shamba lake huko Victoria, Australia, apate wa kuwinda. Baada ya miaka hamsini hivi walikuwa wametapakaa sehemu kubwa ya bara lile, na serikali ya Australia Magharibi ikajenga uzio mrefu ajabu kuwazuia bila kufaulu. Uwanja wangu wa Murubona hauna ukubwa wa Australia. Tena hata kama ungekuwa nao, dume asiyehasiwa hampi jike nafasi ya kupumua, na urafiki wao hugeuka ugomvi wa kila siku.

Kupata mtu wa kumhasi ilikuwa kazi. Wataalamu wa mifugo wa huku wamezoea mbuzi na ng'ombe. Sungura mwenye uzito wa kuku wanamwogopa, na wana haki, kwa sababu dawa ya usingizi inaweza kumuua kirahisi. Daktari aliyekubali alinipa maagizo mawili ninayoyarudia kwa kila anayeniuliza. La kwanza, usimfungishe kabla ya upasuaji kama tunavyofanywa binadamu: sungura hana uwezo wa kutapika, na tumbo lake likisimama kufanya kazi, hatari yake ni kubwa kuliko kisu. La pili, dume aliyehasiwa leo bado anaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa, hadi sita. Basi mfugaji anayewaunganisha wiki inayofuata kwa furaha ya kwamba kazi imekwisha hushangaa mwezi ukipita kukuta watoto kwenye kiota.

Asali alitoka kwa mama mkubwa, kulekule Biturana. Kibondo inajulikana kwa asali, naye rangi yake ilikuwa hiyo. Tabia haikuwa hiyo. Alikuwa ameshang'ata watoto wawili wa jirani na kuku mmoja.

"Mchukue, mwanangu," mama mkubwa aliniambia. "Huyu hakai na mtu. Akikushinda umle tu, wala usinirudishie."

Siku hizo barabara ya kutoka Kibondo kuja Kasulu ilikuwa ya vumbi jekundu mwanzo mwisho. Nilipanda basi la alfajiri kwa sababu sungura hatoi jasho. Joto hulitolea masikioni, na likipita nyuzi 30 anaweza kufa akiwa ameketi kwenye tenga. Ubaridi wa nyanda zetu za juu, hasa Juni na Julai, ni neema kwa mfugo huu. Njia panda ya Nduta konda aliuliza kama nimebeba kuku. Mvugwe abiria wa kiti cha nyuma alitaka kununua. Asali alikaa kimya njia nzima, masikio yamelala mgongoni, na tulipoteremka Kasulu nilimkuta amekula kipande kizima cha kanga niliyomfunikia.

Watu wengi hushindwa hapa, kwenye siku ya kwanza. Umesafiri, umechoka, watoto wanakusubiri waone harusi. Unafungua tenga. Usifungue. Mnyama aliyetoka safari ndefu kwanza akae mbali, ikiwezekana wiki mbili, uone kama ana upele masikioni, kama anapiga chafya, kama kinyesi chake ni vidonge vikavu vya duara. Vimelea vya kuharisha huua sungura wadogo kundi zima, na huenea kwa majani yaliyochafuka. Nilimweka Asali kwenye chumba cha jembe na magunia, nikanawa mikono kila nilipotoka kwake.

Muda huo ulipoisha, nikavisogeza vizimba viwili vitazamane, nikaacha nafasi ya upana wa kiganja kati yake. Ukivigusanisha, pua hufika, na pua ya sungura iking'atwa kupitia waya inachanika. Padre alijinyoosha mpaka akawa mrefu kama soksi, akinusa. Asali alipiga teke la nyuma sakafuni, lile la kutahadharisha, kisha akampa mgongo. Mgongo ni dalili njema kuliko watu wanavyodhani. Sungura mwenye hofu hageuzi mgongo.

Kisha nikaanza kubadilishana harufu zao. Sungura ana tezi chini ya kidevu, na kila anachokisugua kwa kidevu amekiandika jina lake: mguu wa kiti, bakuli, ndala. Nilichukua kitambaa alicholalia Padre nikampa Asali, na cha Asali nikampa Padre. Siku ya kwanza Asali alikitupa nje ya kizimba kwa meno. Nikakirudisha. Alikuja kukilalia, na hapo ndipo nilipowahamisha wenyewe: Padre akalala kwenye kizimba cha Asali, Asali kwenye cha Padre. Usiku wa kwanza wote wawili walisugua videvu kila kona kama makarani wanaopiga mhuri. Baada ya siku kadhaa za kuhamishana hakuna kizimba kilichokuwa na mwenyewe.

Pahali pasipo pa mtu palipatikana kwa jirani. Alikuwa na chumba cha kuhifadhia mahindi ambacho wakati ule kilikuwa kitupu, na hakuna kati ya Padre na Asali aliyewahi kukikanyaga. Nilitandika magunia, kwa sababu nyayo za sungura zina manyoya matupu. Kwenye saruji laini huteleza, na anayeteleza huogopa, na anayeogopa hung'ata. Niliweka maboksi mawili, kila moja nimelitoboa milango miwili. Boksi lenye mlango mmoja ni mtego: anayekimbizwa akiingia humo hana pa kutokea, naye atageuka apigane hata kama hakutaka. Majani ya viazi niliyatawanya chumba kizima ili pasiwe na bakuli la kugombea. Mimi nikakaa sakafuni, nimevaa glavu za bustani, na ufagio mkononi.

Mara ya kwanza hawakufanya chochote. Walikula, kila mmoja upande wake, wakijifanya hawaonani. Watoto walioletwa kushuhudia wakachoka wakaondoka. Mimi niliridhika sana, maana kutojaliana ni hatua kubwa. Kila kikao nilikikata wakiwa bado wametulia, kabla mmoja hajachoka uvumilivu, na kila kilichofuata nikakirefusha kidogo.

Ugomvi ulikuja baadaye, nao una alama zake za kusomwa. Masikio yakielekea mbele, anauliza tu. Masikio yakilala nyuma huku mkia umesimama, ana sekunde moja kabla ya kuruka. Asali alimkimbiza Padre, akamnyofoa manyoya ya kiunoni, akampanda. Ndiyo, jike akampanda dume. Jirani yangu aliona haya akatoka nje. Kupandana kwa sungura mara nyingi hakuhusiani na uzazi. Ni namna ya kusema nani mkubwa hapa. Ukiwatenganisha kila wanapopandana hawatamaliza hoja yao kamwe. Niliacha, isipokuwa mara moja Asali alipompanda kinyume, mkia wake ukielekea kichwani kwa Padre. Hapo lazima uingilie haraka, kwa sababu aliye chini akiudhika anang'ata sehemu ambayo haitibiki. Na wakishikana wakaanza kuzunguka kama gurudumu, manyoya yakiruka, usitie mkono. Tia ufagio katikati yao, au ungo, au sinia. Chochote kisicho na damu.

Padre hakumjibu Asali hata siku moja. Alikimbia, akaingia boksi, akatokea mlango wa pili, akarudi palepale alipokuwa. Nadhani kuhasiwa kulimsaidia, ingawa kuna madume ambao hata hivyo hawana subira. Mchanganyiko ulio rahisi zaidi ndio huo, jike na dume aliyehasiwa. Madume wawili wazima wasiohasiwa sikushauri hata kidogo, na ndugu wa kike waliokua pamoja kwa amani mara nyingi huanza kupigana wakifika miezi mitano.

Siku mambo yalipobadilika nilikuwa nimesinzia ukutani. Niliamka nikawaona wamesimama uso kwa uso, hatua moja kati yao, wote wawili wameinamisha vichwa mpaka pua zimegusa gunia. Sungura anayeinamisha kichwa hivyo haombi msamaha. Anaamrisha: nilambe. Na hapa walikuwa wawili wanaoamrisha, hakuna anayetii. Walikaa hivyo muda mrefu sana, wamekakamaa, masharubu tu yakitetemeka. Asali akasogeza kichwa mbele, akakisukumiza chini ya kidevu cha Padre. Padre akamtazama. Kisha akaanza kumlamba paji la uso, taratibu, akishuka mpaka kope, akarudi juu, na meno ya Asali yakaanza kusagana kwa ule mlio mwepesi wa raha. Alipoacha, Asali alimgonga na pua aendelee. Akaendelea.

Kuna wanaofupisha njia kwa hofu. Huwatia sungura wote wawili kwenye boksi moja, wakalipandisha pikipiki na kuzunguka nalo kwenye mashimo, ili wakiogopa wakumbatiane. Kweli hukumbatiana. Lakini nimewaona wawili waliopatanishwa hivyo wakichanana jioni ileile, baada ya pikipiki kuzimwa. Mnyama aliyemshika mwenzake kwa kuogopa mashimo hajamjua mwenzake, amelijua shimo. Tena sungura ni mnyama ambaye hofu peke yake humsimamisha tumbo. Mimi njia hiyo siipendi, hata kama kuna iliowasaidia.

Kulambana kwenyewe hakukuwa ruhusa ya kuwarudisha kizimbani palepale. Nilingoja mpaka wakala pamoja, wakalala ubavu kwa ubavu na kupita kila mmoja mbele ya mwenzake bila kukwepana. Kizimba kikubwa nilikisugua kwa maji na siki, nikabadilisha kila kitu mahali pake: kiota upande mwingine, maji upande mwingine, ngazi nikaiondoa. Hata hivyo usiku wa kwanza nililala sebuleni.

Baada ya hapo ni mambo ya kawaida ya ufugaji, nami sitayarefusha. Majani makavu yawepo muda wote, kwa sababu meno ya sungura hayaachi kukua na yasiposagwa humziba mdomo. Mchunga, majani ya viazi na kishonanguo viachwe vinyauke kidogo kwanza, visitoke shambani na umande. Kabichi kidogo sana, humjaza gesi.

Jambo moja tu la baadaye lina uzito wa kuelezwa. Wakati wa masika Asali aliacha kula. Sungura asiyekula tangu asubuhi mpaka jioni ni mgonjwa mahututi, hata kama amekaa vizuri, kwa sababu mnyama anayewindwa huficha maumivu hadi mwisho. Niliwatia wote wawili kwenye tenga moja nikawapeleka kwa daktari. Watu waliona nimepagawa, kumbebea mgonjwa mwenzake mzima. Lakini sungura anayekwenda matibabuni peke yake hurudi na harufu ya dawa na ya mikono ya watu, na aliyebaki nyumbani humpokea kama mgeni asiyejulikana. Nimesikia jozi za miaka zikivunjika hivyo kwa siku moja. Padre alikaa kwenye tenga akimlamba Asali masikio wakati daktari anamkandakanda tumbo, na jioni Asali alikula jani lake la kwanza.

Wanafunzi wangu huniuliza kama sungura hawa wanatufundisha namna ya kuishi na majirani. Huwajibu hapana. Binadamu anaweza kuambiwa neno akalielewa, na anayemng'ata mgeni hana kisingizio cha handaki.

Ninalo ombi kwa wanaouza sungura katika masoko ya Kasulu na Kibondo, ambao siku hizi wateja wao si wa mchuzi peke yao. Mzazi akija kumnunulia mtoto sungura wa kufuga, usimuuzie mmoja. Muuzie dume na jike waliotoka kizimba kimoja, mwambie amhasi dume kabla hajatimiza miezi minne, na kwamba awatenge wakifika miezi mitatu, hadi zipite wiki sita tangu dume ahasiwe. Na kama tayari anaye mmoja nyumbani, muulize kwanza kama jirani yake ana chumba kitupu.